Ndege Chini ya Jagi

Meno yangu ya chini yapo yote, na si kwamba nilikuwa na bahati. Nilikimbia. Kwetu zamani, mtoto wa Mjaluo akifika umri fulani aling'olewa meno sita ya chini, na fundi wa kazi hiyo alikuja na chuma chake kidogo kilichochongwa ncha, anakulaza chini, baba mdogo anakushika kichwa, na ole wako ulie. Watu wa misheni walikuwa wameshaanza kuikataza, lakini nyanya yangu hakuwa mtu wa misheni. Huyo mama alikuwa na kipaji cha ajabu. Mtu akipita njiani akicheka, nyanya anakuambia huyo ni rika la fulani, na aling'olewa na fundi fulani, maana fundi huyo huacha pengo limekaa upande. Sisi wajukuu tulidhani anabuni. Halafu tunakimbia kumuuliza mpita njia, na kumbe ni kweli.

Asubuhi fundi alipoingia bomani nilipita nyuma ya zizi na sikurudi kunywa uji. Nilikwenda kwa mjomba wangu, kaka ya mama, upande wa Migori karibu na mgodi wa dhahabu. Mjomba alinifungua mdomo kwa kidole kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Wamekukosa," akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikaishi kwake. Shule nilifika darasa la pili, mwalimu akanichosha kwa fimbo na mimi nikamchosha kwa kutoroka, tukaachana. Herufi hizi ninazoandika nilijifunza ukubwani, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, kwa hiyo msinicheke mkiona nimeunga neno ambalo halifai kuungwa.

Mjomba alikuwa akinunua vyuma chakavu kutoka mgodini, mabomba, makopo, waya. Ndipo mikono yangu ilipojua uzito wa vitu. Unanipa kitu nimefumba macho, nakuambia hii ni shaba, hii ni risasi, hii ni bati. Kwa sababu ya mikono hiyo mjomba alinipeleka Kendu Bay, kwa fundi mmoja anayeitwa Japheth Owuor, nijifunze kulehemu na kutia bati masufuria.

Na sasa tumefika kwa Japheth, ambaye nyinyi vijana wa banda la jua kali mmekuja kuniambia kwamba mnataka kuandika jina lake juu ya mlango wenu. Ati ndiye baba wa kazi yetu. Mlikuja na soda, mkaketi vizuri, mkaniuliza nieleze alivyokuwa. Nikawaambia nendeni, nitaandika. Niliogopa kwamba nikisema kwa mdomo nitatukana mbele ya mke wangu.

Haya. Kwanza kazi yenyewe, maana nimeona mnavyoifanya na tumbo linaniuma.

Vyombo vile vya kijivu mnavyovisugua kwa stiluli, ile sufi ya chuma, si alumini. Si fedha iliyochakaa pia, kama yule mjinga mwenzenu alivyomwambia mteja wa Nairobi. Ni pyuta. Ni bati nyingi iliyochanganywa na madini mengine kidogo, na ile ya zamani sana au ya bei rahisi inakuwa na risasi ndani, unaijua kwa uzito wake na kwa jinsi inavyochora karatasi kama penseli. Ni laini. Ukucha mgumu unaweza kuitia mstari. Na moto haiuwezi kabisa. Kulikuwa na mama mmoja Homa Bay aliyepewa birika la pyuta na memsahib aliyekuwa anarudi kwao. Akaliteleka juu ya mafiga apike chai ya wageni. Wageni wakaona birika linakaa chini polepole kama mzee aliyechoka, halafu chai ikazima moto. Alileta vipande kwetu kwa beseni, akamwambia Japheth arudishe kama ilivyokuwa. Japheth alimjibu, "Mama, hata Lazaro alikuwa na mwili."

Vyombo hivi vilitujia miaka ile ya kwanza baada ya uhuru. Wazungu wa mgodi na wa mashamba walikuwa wanafunga virago, wengine wanauza vitu barabarani, wengine wanampa mpishi zawadi badala ya kitu cha maana. Wavuvi wetu walivipenda kwa sababu vinayeyuka upesi, unamimina unapata vizito vya nyavu. Sijui ni vikombe vingapi vya miaka mia mbili vimelala chini ya hilo ziwa vikivuta nyavu za kuvulia ngege. Japheth ndiye alikuwa wa kwanza pale kwetu kujua kwamba ukigeuza chombo juu chini, tako lake lina habari. Yeye alikuwa amehudumu mezani kwenye meli za ziwani, na huko afisa mmoja mpenda vyombo alimfundisha.

Naye akanifundisha mimi. Hilo sitalikataa, na ndilo linalonikasirisha zaidi. Kama angekuwa fundi mbovu ningemsahau.

Alinifundisha hivi. Usikimbilie kusafisha. Kamata chombo, kigeuze, kipeleke mlangoni asubuhi jua likiwa chini, kiinamishe mwanga upite kwa ubavu. Alama iliyojificha adhuhuri inajitokeza asubuhi. Ikikataa, ipulizie pumzi yako, mvuke unakaa kwenye mashimo ya muhuri kabla haujaondoka. Ikikataa tena, ipitishe mbali juu ya moshi wa koroboi, halafu futa kwa kiganja, masizi yanabaki pale fundi alipogonga. Mbali, nimesema. Si nimewaambia habari za birika.

Halafu usidanganywe na alama ndogo. Ukiona taji dogo na herufi karibu na mdomo wa kikombe, hiyo si ya fundi. Hiyo ni serikali yao ilikuja kupima kama muuza pombe anawapunja wanywaji. Inasaidia kujua ni enzi ya mfalme gani au malkia gani kikombe kilikuwa baani, lakini haikuambii kilizaliwa lini. Ukiona X na taji juu yake, huyo ni fundi anajisifu kwamba bati yake ni nzuri, na wengine walijisifu uongo. Vile vialama vinne kwa mstari, vinavyofanana na vya fedha, ni vya kuwalaghai watu wasio na fedha. Alama yenyewe ya fundi ni kubwa zaidi, iko ndani ya tako au chini yake, ina picha na jina. Waridi na taji. Malaika. Simba. Ndege. Kila fundi alikuwa na wake, kama zamani kila boma lilivyokata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake. Na ukiona chini yake maneno matatu ya Kizungu yanayosema chombo kimetengenezwa Uingereza, weka chini, pumua, hicho si cha kale. Hicho ni cha juzi, cha wakati baba yako ni kijana. Mafundi wa kale hawakuandika nchi. Walidhani hakuna nchi nyingine.

Mimi sikujua kusoma maneno hayo. Niliyajua kwa umbo, kama unavyomjua mtu kwa mwendo akiwa bado mbali.

Na jambo moja Japheth alilipigia kelele kuliko yote: usiguse tako la chombo kwa majivu wala mchanga. Mnajua mama zetu. Mwanamke wa ziwani anahesabiwa kwa sufuria zake. Anashuka ufukweni, anachota mchanga, anachanganya na majivu, anasugua mpaka sufuria inaonyesha uso wa jirani. Ni heshima. Kwa alumini, sawa. Kwa pyuta ni kufuta jina la mtu. Mara mbili tatu nilipojisahau, Japheth alinigonga vidole kwa mpini wa tupa. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba hakujua.

Sasa sikilizeni.

Palikuwa na mzee anaitwa Zakaria Ouma. Alikuwa mpishi wa injinia wa mgodi miaka mingi sana, na mzungu wake alipoondoka alimpa jagi la pyuta. Zakaria akarudi Kendu Bay, kanisa likampa nyumba ndogo katika uwanja wake, naye akawa shemasi na mpishi wa wageni wa pasta. Hakuwa na shamba mahali pengine, ndugu zake walikuwa wamegawana akiwa kazini. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kila kitu chake.

Hilo kanisa lilikuwa na desturi ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na kwa kazi hiyo lilikuwa na beseni na jagi, vyote pyuta, vililetwa pamoja na wamisheni wa kwanza. Jagi likapotea. Wakati huo paa la chumba cha nyuma lilikuwa linatengenezwa na kila mtu alikuwa anaingia na kutoka. Watu wakafikiri, wakakumbuka kwamba kwa Zakaria kuna jagi kama lile. Wakaenda wakalitoa mezani kwake, likiwa na maziwa ndani.

Zakaria akasema ni zawadi. Wazee wakasema kila mwizi ana zawadi. Pasta, aliyekuwa kijana na hakutaka ugomvi, akaamua hivi: beseni bado lipo, na beseni na jagi ni mtu na ndugu yake, vimegongwa muhuri mmoja. Fundi Japheth, ambaye ni muumini wa hapa hapa, atazame. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, aseme mbele ya watu. Alama zikifanana, Zakaria atoke katika nyumba. Zikitofautiana, waombe msamaha.

Kwangu hiyo ilikuwa hukumu nzuri kabisa. Jagi likaletwa dukani katikati ya wiki. Japheth alikuwa ameenda kula. Nikaligeuza, nikalipulizia pumzi, nikaona ndege. Ndege mwenye shingo ndefu, mabawa wazi, na chini yake yale maneno matatu. Nilijua pia beseni la kanisa lina nini, maana tulishawahi kuliziba tundu: waridi na taji, la kale haswa. Nikatoka mbio mpaka kwa Zakaria, nikamkuta anachambua mboga na mkewe, Mama Atieno. Nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, lala usingizi. Jagi lako lina ndege."

Akauliza, "Na la kanisa?"

"La kanisa ni ua."

Mzee alicheka kwa tumbo lote. Mama Atieno akanilazimisha nile, akaniwekea kichwa cha samaki, na huko kwetu kichwa hakipewi mtoto wa watu hivi hivi.

Nilipokuwa nakula ndipo likanijia. Ua na taji. Lakini mimi nimeliona jagi lenye ua na taji. Si kanisani. Dukani kwetu, chini ya meza, ndani ya gunia, halina kifuniko. Sikuuliza lilipoonekana, kila kitu kilipita pale. Japheth alikuwa amelitoa gunia hilo mbele ya macho yangu, akamkabidhi mzungu mmoja aliyekuja na meli kutoka Kisumu kutafuta vitu vya kale. Sikuwaambia wale wazee wawili wakati huo, nikaona ngoja Sabato, alama zitasema zenyewe na kila kitu kitafuata.

Ijumaa nilifika kazini nikakuta jagi juu ya meza linang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Duka lote linanuka majivu na ndimu. Nikaligeuza. Tako laini. Nikapitisha ukucha, nikazunguka, nikarudi. Hakuna kitu. Kando ya benchi kipande cha msasa kimekuwa cheusi.

Nikamwuliza, "Japheth, na ndege?"

Alikuwa ananoa patasi, hakuinua kichwa. "Ndege gani? Kitu cha kwenda mbele za Mungu hakipelekwi kichafu."

Ndiyo hayo aliyosema. Mtu aliyenivunja vidole kwa ajili ya majivu. Nataka muelewe hesabu yake: jagi la Zakaria likifutwa jina likabaki bila alama, basi linaweza kuwa la kanisa. Na likiwa la kanisa, hakuna tena mtu wa kuuliza la kanisa lilienda wapi.

Sabato kanisa lilijaa, hata watu wa mbali walikuja, maana aibu ya shemasi ni sinema. Beseni likawekwa juu chini mezani, waridi linaonekana vizuri. Jagi likawekwa kando yake. Japheth akaja na koti lake, akainama, akatazama muda mrefu kama daktari. Akasema kwa huzuni, "Hapa hakuna alama. Imesuguliwa ikaisha."

Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ya kusikika, "Si tunamjua Mama Atieno. Huyo sufuria zake zimetoboka kwa mchanga." Watu wakacheka. Ilikuwa sifa yake mwaka mzima, siku hiyo ikawa kamba. Kisha mzee mmoja akauliza polepole kwamba mtu husugua sufuria upande wa uso, mbona huyu alisugua mpaka chini kama hafichi kitu. Kicheko kikakatika. Niliona watu wanageuka mmoja mmoja kumtazama Zakaria.

Nikasimama. Nikasema juzi lilikuwa na ndege, nililiona. Nikasema jagi la kanisa liliuzwa kwa mzungu wa meli, lilitokea dukani kwetu chini ya meza. Yote nikayasema, mbele ya watu wote.

Pasta akaniuliza kwa upole maandishi chini ya ndege yalisema nini. Nikasema yalikuwa maneno matatu. Akauliza maneno gani. Nikasema siwezi kuyasoma, nayajua kwa umbo.

Japheth akatabasamu. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshindwa. Akasema, "Msamehe Okech. Ni kijana wangu. Nilimkaripia jana kwa kuharibu tupa, sasa ananirudishia. Na huyo mzee amekuwa akimlisha samaki."

Na samaki nilikuwa nimekula. Kila mtu alijua.

Pasta alitaka siku iishe kwa amani. Mimi namlaumu mpaka leo, ingawa alikuwa mtu mwema. Watu wema wana haraka ya amani, haidhuru nani atailipia. Akasema Zakaria akiri tu kwamba jagi la kanisa lilichanganyika na vitu vyake kwa bahati mbaya, kanisa litasamehe, na nyumba atabaki nayo. Na kwa kuwa ni siku ya kuoshana miguu, basi Japheth na Zakaria waoshane, mambo yaishe. Wazee wakaitikia. Nilimwona Mama Atieno anafumba macho kwa sababu nyumba imepona.

Zakaria akavua viatu, akakaa kwenye kiti, akaweka mguu mmoja ndani ya beseni. Japheth akapiga magoti mbele yake. Akachukua jagi, lile lile, akamimina maji. Akaosha mguu wa kwanza kwa makini, akipitisha vidole katikati ya vidole. Nilikuwa karibu, nilimsikia akimwambia chini chini, "Sema tu neno moja, mzee wangu, ulale kwako."

Zakaria alikuwa anatazama chini ya jagi kila lilipoinuliwa. Kanisa linangoja neno lake. Akasema, si kwa kelele, "Osha, Japheth. Kuosha unajua."

Kisha akatoa mguu majini, wa pili ukiwa haujaoshwa, akasimama, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu. Mama Atieno alikaa kidogo, akakunja leso yake, akamfuata. Hakuna aliyewazuia. Nyayo zake zenye maji zilikuwa sakafuni, mguu mmoja tu.

Viatu vyake vilibaki kando ya beseni. Nikaenda nikaviokota. Japheth bado alikuwa amepiga magoti, na kitambaa begani. Akaniambia kwa sauti ya kila siku, kama mtu anayekumbusha jambo, "Jumapili uje mapema, kuna masufuria ya hoteli." Nikatoka nje na viatu mkononi. Nikapita duka letu, aproni yangu inaonekana dirishani kwenye msumari wake, sikuingia. Wale wawili walikuwa wameshafika kwenye barabara ya Homa Bay, mzee mbele, mama nyuma, nami nikakaza mwendo.